Mtihani wa Pazia

Nchi yetu ina jina zuri sana, lakini kwa sasa siwezi kulitaja kwa sababu limepelekwa kupakwa rangi kwa ajili ya sherehe, na waliolipeleka bado wako ng'ambo wanatafuta rangi inayofaa. Likirudi nitawaambia. Itoshe kusema kwamba ni nchi ya watu wenye adabu, na kwamba adabu hiyo ndiyo iliyotuletea maendeleo yote ninayotaka kuyasimulia hapa.

Zamani Serikali yetu ilikuwa na tabia ya kutafuta hali za wananchi kwa njia ngumu. Ilituma wataalamu wakachungulie visima, wakapime uzito wa watoto, wakapande juu ya mapaa ya shule. Wataalamu walirudi na habari mbaya. Serikali ikabadilisha wataalamu. Wapya nao wakarudi na habari zilezile, tena kwa sauti kubwa zaidi. Ikawa hivyo mpaka siku Mheshimiwa Kipalala, ambaye wakati huo alikuwa waziri wa kitu kingine, alipokwenda matangani kwa shemeji yake. Aliingia uani akawakuta wafiwa mkekani, macho mekundu, maiti bado imo ndani inaoshwa. Akauliza kama ambavyo mtu yeyote angeuliza, habari za hapa. Wafiwa wakajibu kwa pamoja kwamba ni nzuri.

Mheshimiwa alisimama palepale, kiatu kimoja mkononi. Jibu hilo alikuwa amelisikia maisha yake yote, lakini siku hiyo ndiyo kwanza alilisikia kwa masikio ya waziri. Kumbe wananchi wanasema wenyewe. Kumbe hapana haja ya kupanda mapaa. Hakungoja yaliyofuata, kwamba nzuri ila tumefiwa, kwamba nzuri ila sanda bado haijapatikana. Aliondoka kabla ya maziko, na mwezi haukuandama tena kabla hatujawa na Wizara ya Salamu, naye akiwa ndiye waziri wake.

Bibi yangu, aliyenilea, alikuwa na maelezo mengine kuhusu jambo hili. Alisema kwetu mtu akisalimiwa hutanguliza wema, kwa sababu si heshima kumtupia mgeni msiba usoni kabla hajaketi. Kisha mgeni huuliza tena, na tena, na hapo ndipo moyo hufunguka. "Nzuri ni mlango," alikuwa akiniambia. "Mgeni anayeishia mlangoni hajafika kwako." Lakini bibi hakuwa na shahada, na Wizara haikumwita kwenye semina.

Wizara iliajiri vijana wanaoitwa Wasalimu. Walivaa mashati meupe na raba nyepesi, na walipelekwa kambini wakafundishwa kusalimu, kupokea jibu na kugeuka kabla mwananchi hajavuta pumzi ya pili. Nimesikia kwamba mmoja wao alipewa nishani kwa sababu aliweza kuuliza hali akiwa huku na kulipokea jibu akiwa ng'ambo ya barabara. Tangu walipoanza kazi, nchi yetu haijapata habari mbaya hata moja.

*

Nilipochaguliwa kuingia Chuo Kikuu cha Taifa, nyumbani walichinja jogoo aliyekuwa amepangiwa sikukuu. Nilifika na sanduku langu la bati na furaha ambayo nikiikumbuka leo naionea aibu. Geti kuu la chuo lilikuwa limefungwa kwa kufuli ambalo ufunguo wake ulipotea zama za Mkuu wa Chuo aliyepita, kwa hiyo wanafunzi, wahadhiri na maprofesa waliingia kwa kupinda mgongo kwenye tundu la uzio lililo pembeni yake. Askari wa geti alikuwa analilinda geti, si tundu. Nilipomwuliza mbona hali iko hivi, alinitazama kwa huruma akasema nitazoea.

Neno hilo nilikabidhiwa kila mahali, mahali pengine kabla hata sijauliza. Maharage ya mchana yalikuwa na wakazi wake, na mpishi akaniambia nitazoea. Maktaba ilikuwa na vitabu vizuri sana nyuma ya vioo, na vioo vilikuwa na walinzi. Ukumbi wa mihadhara ulijengwa kwa ajili ya darasa la wakati ule nchi ilipokuwa na watu wachache, hivyo sisi wa mwaka wa kwanza tulijipanga kuanzia ndani mpaka uwanjani. Waliokaa mbele walimsikia mhadhiri wakawaambia wa nyuma yao, nao wakawaambia wa dirishani, nao wakatuambia sisi wa nje. Siku ya mhadhara wa kwanza mhadhiri alisema jambo fulani kuhusu falsafa ya elimu. Mpaka linatufikia uwanjani lilikuwa limekuwa ugomvi wa mtu na wakwe zake, nasi tukaliandika vizuri na baadaye tukalijibu kwenye mtihani. Wengi tulifaulu.

Jumatatu ya kwanza tulikusanywa kumsikiliza Makamu Mkuu wa Chuo, Profesa Mwinyikambi. Alikuwa mtu mnene mwenye joho linaloburuta vumbi, na nyuma yake alitembea kijana wa kazi ya kulikung'uta.

"Vijana wangu," alisema, "msije mkadhani mmekuja kusoma. Kusoma kuna wakati wake. Mwaka wa kwanza ni Mwaka wa Kuzoea, kwani huwezi kumimina maji kwenye chungu kinachoshangaa. Mwanafunzi aliyezoea ni yule anayesalimiwa akajibu, akajibu vizuri, akanyamaza. Asiyezoea mpaka mwisho wa mwaka, tutamrudisha kwa wazazi wake akashangae huko."

Kwa lugha yetu ya chuoni, huko ndiko kudisko. Tulipiga makofi. Mimi nilipiga kwa nguvu, kwani nilikuwa nimelelewa kusalimiana, na niliona hatimaye kuna somo ambalo nitaongoza.

*

Kitanda changu kilikuwa katika Bweni la Matumaini, la wasichana, ghorofa ya kwanza, na kilikuwa na mtu tayari. Vitanda vilikuwa vichache, kwa hiyo tulilala mzungu wa nne, kichwa changu kwenye miguu ya mwenzangu na kichwa chake kwenye miguu yangu. Mwenzangu huyo aliitwa Mwanamvua. Alikuwa msichana mrefu, mkimya, mwenye vidole vinavyopapasa kila ukuta anaopita, kama mtu anayepapasa shingo ya ng'ombe kabla ya kumnunua.

Siku ya tatu aliniambia sababu. Alitoka mji mdogo wa stesheni ya reli, huko nyanda kavu, na ukuta wa shule yao ya msingi ulikuwa umeanguka darasa likiwa na watoto. Mdogo wake alikuwa mmoja wao. Mwalimu mkuu alikuwa ameulizwa na Msalimu asubuhi ileile habari za shule. Mwanamvua alikuja chuoni kusomea ujenzi, na hakutaka kitu kingine duniani.

"Nataka kujua ukuta unaanguka kwa nini," aliniambia. "Nikishajua, nitarudi nikawajengee mwingine."

Hapo ndipo aliponionyesha ufa. Ulianzia juu ya dirisha letu, ukashuka nyuma ya kitanda mpaka sakafuni. Wakati huo kidole kiliingia kwa taabu. Mimi nilimwambia, kwa nia njema kabisa, kwamba tutazoea.

Kesho yake Wasalimu walipita mabwenini kama kawaida yao, raba zikilia kwenye korido. Kijana mmoja akaingiza kichwa chumbani kwetu akauliza kama hatujambo. Niliitika hatujambo, na tayari alikuwa anageuka, pale Mwanamvua aliposema kwamba ukuta umepasuka. Yule kijana alisita mguu mmoja hewani. Kambini hawakuwa wamemfundisha jibu la namna hiyo. Alibaki amesimama mlangoni, macho yameganda, mpaka wenzake wakarudi kumchukua wakamshika mikono wakamwongoza ngazini. Nilisikia baadaye alipewa likizo.

Mwanamvua aliitwa ofisini kwa Profesa, nami nikaenda kama shahidi.

"Ulisalimiwa," Profesa alisema, "ukajibu ukuta."

"Ndiyo, Profesa. Samahani, Profesa. Lakini umepasuka."

"Binti, hakuna aliyeuliza ukuta. Ukuta ukisalimiwa utajibu wenyewe. Kwenu hamkufundishwa adabu?"

Mwanamvua alisema kwao walifundishwa. Profesa akamwambia kwamba angemsamehe mara hii kwa kuwa ni mgeni, ila Mtihani wa Kuzoea uko mbele, na mtihani hauna ugeni. Akiushindwa, somo la ujenzi atalisikia kwa jirani.

*

Ninapaswa kukiri kwamba ufa ule ulikuwa na faida zake. Ulipopanuka kiasi cha mjusi kupita, tulipata mijusi, na mijusi wakala mbu. Ulipopanuka kiasi cha mkono kupita, majirani wa chumba cha pili wakaanza kutuomba chumvi kwa njia hiyo, nasi tukawaomba kiberiti, na madesa ya mhadhiri, yaani zile karatasi za masomo zilizopigwa chapa kabla hatujazaliwa, yakawa yanapita humo bila mtu kuinuka kitandani. Wasichana wa vyumba vya mbali walikuja kutuonea wivu. Upepo nao uliingia vizuri. Ilikuwa haki yetu kuzoea, nasi tulizoea haraka kuliko nilivyotegemea.

Sifa zikamfikia Profesa. Alikuja na joho lake na wapiga picha wake, akaupitisha mkono kwenye ufa na kupeana mkono na msichana wa upande wa pili, akautangaza rasmi kuwa Dirisha la Ushirikiano. Mwanamvua alisimama pembeni. Alipopewa nafasi ya kushukuru kwa niaba ya chumba, badala ya kushukuru alisema usipoziba ufa utajenga ukuta.

Profesa alifurahi sana. "Mnasikia?" alisema, akiwageukia wapiga picha. "Hata wahenga waliliona hili. Tukiziba nyufa zote leo, vijana wetu wa ujenzi watajenga nini kesho?"

Kila mtu alicheka isipokuwa Mwanamvua, na mimi nilicheka kidogo. Walipoondoka alikaa kitandani muda mrefu, kiganja chake kikiwa ukutani.

*

Sasa nieleze mtihani wenyewe, maana nchi nyingine hazina.

Mtahiniwa huketi kigodani mbele ya pazia zito la kijani. Haruhusiwi kuona aliye nyuma yake. Sehemu ya kwanza ni rahisi. Sauti humwuliza kama hajambo, habari za masomo, za chakula, za malazi, naye hujibu nzuri, nzuri, nzuri. Sehemu hiyo hata mbuzi aliyefundwa angefaulu.

Sehemu ya pili ndiyo iliyowaliza watu. Nyuma ya pazia alikaa Bi Kidawa, mama mstaafu ambaye zamani alitangaza kipindi cha watoto redioni. Nchi nzima ilikuwa imelelewa na sauti ile. Kila mmoja wetu aliwahi kuumwa surua huku akimsikiliza. Baada ya nzuri zote, Bi Kidawa alikuwa anasema polepole, kama anayekushika bega: "Mwanangu, ni mimi. Hapa tuko wawili tu. Nieleze, umeumia wapi?"

Na watu walimweleza. Vijana wenye ndevu walilia mbele ya pazia wakaeleza njaa, wakaeleza wahadhiri wasiotokea, wakaeleza mambo ambayo hata mama zao hawakuwahi kuyasikia. Bi Kidawa aliwasikiliza mpaka mwisho, akawaambia asante mwanangu, kisha kwa sauti ileile laini akatamka kwamba wamefeli.

Mimi nilifaulu. Nilipoulizwa nimeumia wapi nilimkumbuka bibi yangu, na nusura nijibu, lakini nilikuwa na kifungo cha blauzi mkononi nikakibana mpaka kikaniingia kwenye ngozi. Nikasema nzuri. Nilitoka nje nikatapika nyuma ya jengo, nikapokea pongezi.

Mwanamvua alieleza yote. Alieleza ufa, urefu wake na upana wake, alieleza mdogo wake, alieleza hata rangi ya sare aliyokuwa amevaa asubuhi ile. Waliokuwa nje wakingoja zamu zao walimsikia. Wanasema alipoambiwa amefeli hakuondoka kigodani; alibaki akiliangalia pazia, akidhani labda mama yule atasema jambo lingine.

Alipewa sapu, yaani nafasi ya kurudia mara moja tu. Akiikosa, anafungasha.

Sikuwahi kumwona mtu akijifunza jambo kwa bidii kama ile. Kila mchana, sisi tukienda uwanjani kuusikiliza mhadhara uliochuja, yeye alibaki chumbani akiuelekea ufa na kujiuliza mwenyewe: hujambo, sijambo; umeumia wapi, nzuri; ni mimi mwanangu, nzuri; hapa tuko wawili tu, nzuri. Mwanzoni sauti yake ilivunjika kila alipofika pale pa wawili tu. Baada ya muda haikuvunjika tena. Siku moja nilirudi nikamkuta ameegemea ukuta huku mkono wake mzima umezama kwenye ufa, na nilipomwuliza anafanya nini alisema hafanyi kitu, habari nzuri. Niliogopa. Mwenzangu aliyekuwa akilala na kichwa kwenye miguu yangu alikuwa ameondoka, na aliyebaki kitandani sikumjua.

Alifaulu sapu kwa alama ambazo hazijawahi kutolewa. Inasemekana Bi Kidawa alimwita mara saba kwa majina ya kubembeleza, mpaka mwenyewe Bi Kidawa akaanza kulia nyuma ya pazia, naye Mwanamvua akamjibu kwamba ni nzuri, amezoea.

*

Mheshimiwa Kipalala alipopata habari za mwanafunzi huyo aliamua kuja mwenyewe. Chuo kikapakwa chokaa upande unaotazama barabara. Geti kuu likavunjwa kufuli ili Waziri apite, likafungwa tena nyuma yake kwa kufuli jipya. Iliamriwa kwamba wanafunzi wote wa Bweni la Matumaini wasimame madirishani na kupunga bendera, na kwamba Mwanamvua asimame kwenye Dirisha la Ushirikiano, kwani ufa ulikuwa sasa unamtosha mtu kusimama kiubavu na kuonekana nje mpaka kiunoni. Mimi nilipangwa uwanjani kwenye kwaya, kwa sababu ya sauti.

Asubuhi ile nikiwa navaa nilimwambia asisimame pale. Nilimwambia nitasema anaumwa tumbo, atalala, hakuna atakayejua.

Alinitazama kwa upole. "Sikitu," aliniita kwa jina langu, "nikikosekana watasema sijazoea. Nimebakiza siku chache tu nianze kusoma ujenzi."

Akaenda akasimama.

Waziri alifika saa nne, jua likiwa safi. Tuliimba. Wasichana wote mia na zaidi walipunga bendera kutoka juu, wakiegemea nje kwa kuwa waliambiwa waegemee. Profesa alimwonyesha Waziri kwa kidole msichana aliye kwenye ufa, na Waziri akapunga, na Mwanamvua akapunga, na nilimwona ameweka mkono mwingine bapa ukutani kama alivyozoea. Kisha alitazama juu, upande wa paa. Alikuwa amejua. Nina hakika alijua kabla ya sisi sote, na nilimwona akifungua kinywa na kukifunga.

Bweni la Matumaini lilishuka taratibu, kama mzee anayekaa chini. Vumbi lilitufunika tukiwa bado tunaimba ubeti wa pili.

Vumbi lilipotulia, Waziri alikuwa wa kwanza kujikung'uta. Sitamsema vibaya, alikuwa na ujasiri. Aliomba kipaza sauti, akausogelea mlima wa matofali, akainama kadiri mkanda ulivyomruhusu, akauliza: "Hamjambo huko chini?"

Kisha kutoka chini ya matofali, kwa sauti nyingi zilizokuja kwa pamoja kama darasani, walijibu: "Hatujambo! Shikamoo, Mheshimiwa!"

"Marahaba," alisema Waziri, na machozi yalimlengalenga. Aliwageukia waandishi wa habari akawaambia wamesikia wenyewe. Wasalimu walikuwa wameshaanza kukimbia kuelekea mjini na jibu. Profesa alimpongeza Waziri, Waziri akampongeza Profesa, na msafara ukaondoka kuwahi chakula.

Nilipiga magoti kwenye matofali. Nilijua sauti yake iko wapi, kwa kuwa nilikuwa nimeitofautisha na nyingine. Nikamwita Mwanamvua. Nikasema ni mimi. Hakujibu, nami nikaona labda amedhani ni watu wale wamerudi, kwa hiyo nikalaza shavu kwenye zege nikamwambia kwa upole niliokuwa nao wote: "Hapa tuko wawili tu. Nieleze, umeumia wapi?"

Nilisikia maneno yangu baada ya kuyatamka. Nilitaka kuyarudisha kinywani.

"Sijambo," alisema Mwanamvua kutoka chini. Sauti ilikuwa karibu sana, na haikuvunjika. "Nimezoea."

Nikamwambia si mtihani. Nikamwambia mimi ni Sikitu, nimelala kwenye miguu yako mwaka mzima, kidole chako kidogo cha kulia kimepinda. Alisema nzuri. Nikalia nikamsihi aseme anapoumia ili tujue pa kuchimbua, na kila niliposihi zaidi alikaza zaidi, kwani hivyo ndivyo Bi Kidawa alivyomfanya. Mafundi wa chuo walikuja na majembe, wakamwuliza mkuu wa askari kama waanze. Mkuu wa askari aliniuliza mimi, niliyekuwa karibu, wa chini anasemaje.

"Anasema hajambo," nilisema, "lakini..."

Alikuwa ameshawaashiria mafundi warudi.

Tulichimba sisi wa kwaya kwa mikono, na sahani za kulia chakula, na baadhi ya wale mafundi walirudi kwa siri wakachimba nasi. Tulitoa wengi wakiwa hai, na kila tuliyemtoa alitushukuru akasema ni mzima, mwingine mguu wake ukiwa umeelekea upande mwingine. Mwanamvua tulimfikia alasiri. Kiganja chake kilikuwa bado bapa kwenye kipande cha ukuta.

Serikali ilitoa taarifa ya masikitiko. Ilisema kwamba marehemu wote walikuwa wazima mpaka dakika ya mwisho, kwa kauli yao wenyewe, mbele ya mashahidi. Jina la Mwanamvua lilisomwa la kwanza kwa heshima, na alama zake za sapu zikatajwa.

*

Mimi sasa niko mwaka wa pili. Nimeanza kusoma. Wamenihamishia Bweni la Ushindi, ambako tunalala watatu, na sijautazama ukuta wake kwa sababu kitanda kiko katikati.

Juzi waliletwa wapya. Waliingia kwa tundu la uzio, masanduku vichwani, nguo zao bado zina harufu ya pasi ya nyumbani. Profesa aliniteua niwakaribishe, kwa kuwa nilikuwa rafiki wa marehemu aliyeleta sifa. Nilikaa siku kadhaa nikipanga nitakachowaambia. Nilipanga kuwaambia kuhusu bibi yangu, na mlango, na mgeni asiyeishia mlangoni. Nilipanga kuwaambia waulize mara ya pili, na ya tatu, na wasiondoke, na wakiulizwa wao kwa upole waseme, liwalo na liwe, wafeli, warudi nyumbani wakiwa hai. Nilipanga kulitaja jina lake bila alama.

Nilipanda jukwaani. Profesa alinipa kipaza sauti. Msichana mmoja wa mbele, mwembamba, ambaye ni wazi kwao wamemlea vizuri, alisimama kwa niaba ya wenzake akanisalimu kabla sijaanza.

"Shikamoo, dada. Habari za hapa?"

Nami nimelelewa vizuri vilevile. Huwezi kumtupia mgeni msiba usoni kabla hajaketi.

"Marahaba," nilisema. "Nzuri."

Makofi yakalipuka. Profesa alikipokea kipaza sauti kwa tabasamu, akanishika bega akanishusha ngazi, na wale wapya wakaongozwa kwenda kuonyeshwa vitanda vyao. Nilikuwa sijamaliza.